Bov: Kura Ilichora Mstari, Amani Ikaja kwa Njia Nyingine

Mpaka wa Denmark na Ujerumani husifiwa kama mpaka uliozaliwa vizuri. Simulizi inayorudiwa ni kwamba Wadenmark na Wajerumani waligombea jimbo la Schleswig kwa miaka mingi, wakapigana vita viwili, kisha mwaka 1920 wenyeji wakaulizwa wanataka kuwa raia wa nchi gani, wakapiga kura, mstari ukachorwa na ugomvi ukazikwa. Wanadiplomasia wanaipenda hadithi hiyo kwa sababu inatoa dawa nyepesi: penye mpaka wenye mzozo, waulizeni watu. Ikitazamwa kutoka Copenhagen au Berlin, hadithi inanyooka. Ikisomwa kutoka Bov, manispaa ndogo ya zamani iliyokaa juu ya mstari wenyewe, jirani na mji wa Flensburg, inapinda. Bov ilipiga kura kama wengine, na kwa miaka 35 iliyofuata ilipata askari wa doria, madai ya kuusogeza mpaka, uvamizi, kambi ya wafungwa na visasi. Kilichoutuliza mpaka huo kilikuja baadaye, na kwa sehemu kubwa kilikuwa kinyume cha kura: uamuzi wa kutouliza tena swali lile, pamoja na haki walizopewa wale ambao kura ya kwanza iliwaacha upande wasioutaka.

Kwanza mahali penyewe. Usharika wa Bov, na kanisa lake la Enzi za Kati, uko kwenye njia ya kale inayokata rasi ya Jutland kutoka kaskazini kwenda kusini. Njia hiyo ilipitiwa na majeshi na mahujaji, na zaidi ya wote ilipitiwa na maksai walioswagwa kwa maelfu kila mwaka kuelekea masoko ya Ujerumani na Uholanzi. Kaskazini mwa kanisa bado lipo daraja la mawe la Gejlå, lililojengwa mwaka 1818, wakati mfalme wa Denmark alikuwa pia mtawala wa Schleswig na hakuna aliyehitaji kibali kulivuka. Upande wa mashariki, karibu na maji ya ghuba ya Flensburg, mfalme Christian wa Nne alianzisha kiwanda cha shaba mwanzoni mwa karne ya 17. Kijito cha Krusau ndicho kilichoendesha nyundo zake, na kiwanda hicho kilidumu hadi mwaka 1962. Wakulima wa Bov waliuza mazao yao Flensburg, bandari iliyotajirika kwa sukari na ramu kutoka visiwa vya Denmark katika Karibi, na huko huko wakanunua mahitaji yao. Kwa maneno mengine, Bov ilikuwa uani kwa Flensburg. Jambo hilo tulikumbuke, maana ndilo lililokatwa mwaka 1920.

Vita vilianza hapo hapo. Tarehe 9 Aprili 1848 jeshi la Denmark lilipambana na waasi wa Schleswig-Holstein waliotaka kuungana na Ujerumani, na pambano la Bov likawa la kwanza katika vita vya miaka mitatu. Wadenmark walishinda siku hiyo, wakaingia Flensburg. Karibu na kiwanda cha shaba, kikosi cha wanafunzi na wanamichezo kutoka chuo kikuu cha Kiel kilizingirwa na kuvunjwa. Ushindi wa Bov haukuamua kitu. Mwaka 1864 Prussia na Austria zilirudi na majeshi makubwa zaidi, zikavunja ngome za Dybbøl tarehe 18 Aprili, na kwa mkataba wa Vienna wa tarehe 30 Oktoba Denmark ikaipoteza Schleswig yote pamoja na Holstein na Lauenburg. Mkataba wa Prague wa mwaka 1866 ulikuwa na kifungu cha tano kilichoahidi kwamba watu wa kaskazini mwa Schleswig wangeulizwa kama wanataka kurudi Denmark. Hawakuulizwa, na mwaka 1878 Prussia na Austria zilikubaliana kukifuta kifungu hicho. Miaka kumi baadaye Kijerumani kikawa lugha ya kufundishia shuleni, Kidenmark kikabakizwa katika masomo ya dini tu.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, wanaume wapatao 30,000 wa kaskazini mwa Schleswig, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kidenmark, walivaa sare ya Ujerumani. Zaidi ya 5,000 hawakurudi. Wachache kati ya watu wa Schleswig waliotumikia Ujerumani walifika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1915 Wajerumani waliiandaa meli ya Kiingereza waliyoikamata, iliyoitwa Rubens, wakaipaka sura ya meli ya Denmark, nchi isiyokuwa vitani, wakaipa jina Kronborg na kuipakia silaha za kuwapelekea askari wa kamanda wao huko, Lettow-Vorbeck. Ili ujanja usigundulike, mabaharia walichaguliwa kutoka kwa watu wa Schleswig waliojua Kidenmark, chini ya nahodha Carl Christiansen. Mwezi Aprili meli iliingia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikashambuliwa na manowari ya Uingereza, lakini shehena kubwa iliokolewa na mabaharia wakaingizwa katika vita vya nchi kavu. Kisa hiki si pambo. Watu hao walikuwa raia wa Ujerumani, walisema Kidenmark nyumbani, na walithaminiwa na serikali yao kwa sababu ile ile iliyoifanya iwatilie shaka. Atakayetaka kugawa watu wa namna hii kwa mstari mmoja, hata kwa mstari wa kura, lazima atawaacha baadhi mahali pasipowafaa.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mkataba wa Versailles, katika vifungu vya 109 hadi 114, uliamuru kura ya maoni Schleswig. (Kifungu cha 119 cha mkataba huo huo kiliinyang'anya Ujerumani makoloni yake yote, Tanganyika ikaishia kwa Waingereza, Rwanda na Urundi kwa Wabelgiji, na hakuna kijiji cha Bukoba wala Kigoma kilichopelekewa sanduku la kura. Haki ya watu kujichagulia ilikuwa na jiografia yake.) Eneo liligawanywa katika kanda mbili, chini ya tume ya kimataifa iliyoongozwa na Mwingereza, Charles Marling. Waliopiga kura walikuwa wanaume na wanawake kuanzia miaka 20, wakiwamo waliozaliwa katika kanda hizo hata kama walishahama, hivyo treni na meli zilileta maelfu ya wapiga kura kutoka mbali. Kanda ya kwanza ilipiga kura tarehe 10 Februari 1920: kura 75,431 kwa Denmark, 25,329 kwa Ujerumani. Kanda ya pili, yenye Flensburg, ilifuata tarehe 14 Machi: 51,742 kwa Ujerumani, 12,800 kwa Denmark.

Tarakimu hizo zinaonekana kama jibu lililo wazi, lakini anayeuliza ndiye aliyechagua namna ya kuuliza. Kanda ya kwanza ilihesabiwa kwa jumla, yote kama kapu moja. Ya pili ilihesabiwa usharika kwa usharika. Kwa hiyo mji wa Tønder, ambako zaidi ya robo tatu ya wapiga kura walichagua Ujerumani, uliingia Denmark, na vivyo hivyo Højer, Aabenraa na Sønderborg, miji ambayo Wajerumani walipata wingi. Mpaka kati ya kanda mbili ulifuata mstari uliopendekezwa na mwanahistoria wa Kidenmark, H. V. Clausen, aliyechunguza vijiji vya eneo hilo kwa lugha na kwa hisia za watu miaka mingi kabla ya vita. Kwa vipimo vya kazi kama hiyo alifanya vyema sana, kwa kuwa matokeo yaliuthibitisha mstari wake karibu kila mahali. Lakini kila upande ulitoka na kinyongo. Wajerumani walisema wameibiwa Tønder. Wazalendo wa Denmark walililia Flensburg kiasi kwamba mfalme Christian wa Kumi, mwishoni mwa Machi, aliifukuza serikali ya Waziri Mkuu Zahle iliyokataa kuudai mji huo, akazusha mgogoro wa kikatiba ulioitikisa nafasi yake mwenyewe. Tarehe 10 Julai alivuka mpaka wa zamani juu ya farasi mweupe, na picha hiyo ndiyo iliyobaki katika vitabu vya shule. Bov ilipata kitu kingine: usharika wenyewe ulikatwa. Vijiji vya kusini, kama Niehuus na kile cha kiwanda cha shaba, vilikuwa kanda ya pili vikabaki Ujerumani. Kanisa na sehemu kubwa ya mashamba vikaenda Denmark. Wakulima walikaa nchi moja, soko lao likakaa nchi nyingine.

Ajabu ni kwamba mkato huo ndio uliojenga mji. Padborg, iliyokuwa mashamba machache kando ya reli, ikawa kituo cha mpaka: wakaja maofisa wa forodha, mawakala wa kugomboa mizigo, madaktari wa mifugo, wafanyakazi wa reli, na mazizi ya ng'ombe waliosubiri kukaguliwa kabla ya kuuzwa nje. Kruså ikakua hivyo hivyo kwenye barabara kuu. Askari wa mpaka, waliojulikana kwa sare zao za buluu isiyoiva, walifanya doria kwa miguu pwani ya ghuba kutoka Padborg kuelekea mashariki hadi mwaka 1958. Njia yao sasa ni ya watembea kwa burudani, yenye urefu wa kilomita zipatazo 84. Wapo wanaosema kwamba hilo latosha kuonyesha kura ilifanikiwa, kwa kuwa maisha yaliendelea na mji ukakua. Mimi naona linaonyesha jambo dogo zaidi. Watu huweza kupata riziki kutokana na mstari hata kama hawajaukubali, na katika miaka ya 1920 na 1930 jamii ya Wajerumani iliyobaki Denmark haikuukubali. Vyama vyake vilidai marekebisho ya mpaka mfululizo, na baada ya Hitler kuingia madarakani mwaka 1933 madai hayo yalipata sauti mpya hata Schleswig ya kusini. Kura ilikuwa imewaambia walikuwa wachache; haikuwaambia wangeishije.

Tarehe 9 Aprili 1940, miaka 92 kamili tangu pambano la Bov, Wajerumani walivuka mpaka saa kumi na robo alfajiri, kwa Kruså, Padborg na kwingineko. Askari watatu wa mpaka walikuwa wameshapigwa risasi Padborg muda mfupi kabla. Mapigano kusini mwa Jutland yalidumu saa chache tu, kisha Copenhagen ikasalimu amri. Hapa hutolewa hoja yenye uzito: Hitler, aliyefuta mistari ya Versailles kila alipofika, hakuugusa mpaka wa 1920 ijapokuwa nchi nzima ilikuwa mikononi mwake. Je, si ushahidi kwamba kura iliheshimika hata na yeye? La hasha. Berlin ilihitaji siagi na nyama ya Denmark, na ilitaka uvamizi uendeshwe kwa askari wachache na serikali ya Kidenmark iliyoendelea na kazi zake. Kuunyakua ukanda wa kaskazini mwa Schleswig kungevunja mpango huo kwa faida ndogo. Jamii ya Wajerumani wa Denmark iliambiwa isubiri, huku vijana wake wapatao 2,000 wakijiunga na vikosi vya Ujerumani, mamia kati yao wakafa. Mstari haukulindwa na sanduku la kura bali na hesabu za chakula.

Kilichofuata ndicho sehemu nzito zaidi ya historia ya Bov, nacho kiko msituni Frøslev, kilomita chache kutoka Padborg. Mwaka 1944 maofisa wa Denmark, wakihofia kwamba wafungwa wa kisiasa wangepelekwa katika kambi za mateso za Ujerumani, walikubali kujenga kambi katika ardhi yao wenyewe ili watu wao wabaki nchini. Ilifunguliwa mwezi Agosti. Wajerumani walilinda uzio na minara, Wadenmark waligharamia na kuendesha jiko, na kwa kulinganisha na kambi nyingine chakula kilikuwa kizuri. Wafungwa wapatao 12,000 walipita humo. Makubaliano yalivunjwa baada ya wiki chache: tangu Septemba watu wapatao 1,600 walitolewa Frøslev, wakapakiwa katika treni kwenye kituo cha Harrislee upande wa pili wa mpaka, wakapelekwa Neuengamme na kambi nyingine, na 220 hivi kati yao hawakurudi. Ni umbali mdogo sana, kutoka Frøslev hadi Harrislee. Mwezi Aprili 1945 safari ilikuwa ya kurudi: mabasi meupe ya msafara ulioongozwa na Folke Bernadotte wa Uswidi yalipita Padborg yakiwa na wafungwa wa Denmark na Norway waliookolewa kutoka Ujerumani.

Mwezi Mei wafungwa wa Frøslev walitoka, na wengine wakaingia katika mabanda yale yale. Kambi ilipewa jina jipya, Fårhus, na ikajazwa watu walioshtakiwa kushirikiana na wavamizi. Wengi walikuwa wa jamii ya Wajerumani wa kusini mwa Jutland. Takriban 3,000 wa jamii hiyo walihukumiwa katika msako wa baada ya vita. Baadhi yao walikuwa na hatia nzito. Wengine walihukumiwa kwa sheria zilizotungwa baadaye na kufanywa zirudi nyuma, kwa matendo ambayo wakati yalipotendwa serikali ya Denmark yenyewe haikuyazuia. Shule za Kijerumani zilifungwa na mali zake kutaifishwa. Bado leo kumbukumbu za kambi hiyo ni mbili: kwa Wadenmark ni Frøslev, mahali pa wapinzani wa Unazi, kwa familia nyingi za Wajerumani wa huko ni Fårhus, mahali ambapo baba alifungwa. Jumba la makumbusho lililofunguliwa humo mwaka 1969 linasimulia hasa ile ya kwanza. Mtu aliyetembelea Bov mwaka 1946 asingeweza kusema kwa dhati kwamba kura ya 1920 ilikuwa imemaliza kitu.

Na ndipo jambo lenye maana kuliko yote likatokea, bila farasi mweupe wala sherehe. Ujerumani ilikuwa imesambaratika. Schleswig-Holstein ilijaa wakimbizi zaidi ya milioni moja kutoka mashariki, njaa ilikuwa kali, na maelfu ya wenyeji wa Flensburg na vijiji vyake ghafla walijitangaza kuwa Wadenmark. Wapinzani wao waliwasema kwamba wamebadili taifa kwa ajili ya vifurushi vya nyama. Mwezi Septemba 1946 Uingereza, iliyokuwa ikitawala ukanda huo wa Ujerumani, iliiuliza Denmark kama inataka kubadilishana maeneo, kurekebisha mpaka au kupiga kura nyingine. Ushindi ungewezekana. Flensburg, iliyoliliwa tangu 1920, ilikuwa karibu kuanguka mikononi. Serikali ya Denmark ilijibu mwezi Oktoba kwamba haitaki. Waziri Mkuu Knud Kristensen, ambaye moyoni alitaka mji huo, aliendelea kuusemea hadi bunge likamwondoa madarakani mwezi Oktoba 1947. Waliompinga walikuwa na hesabu iliyo wazi: raia wapya wa aina hiyo wangegeuka tena mara Ujerumani itakaposhiba, na Denmark ingebaki na Wajerumani wengi ndani na jirani mwenye kisasi nje. Ninavyoona, hapo ndipo mpaka wa Bov ulipopatikana kwa kweli. Mwaka 1920 ulitokana na watu kuulizwa. Mwaka 1946 ulitokana na mwenye nguvu kukataa kuwauliza wakati jibu lingemfaa.

Kukataa peke yake kusingetosha. Wajerumani wa Denmark walikuwa wameunda chama kipya mwezi Novemba 1945 na kutamka kwamba wanautambua mpaka na ni watiifu kwa Denmark, tamko ambalo viongozi wao wa kabla ya vita hawakuwahi kulitoa. Upande wa kusini, serikali ya Schleswig-Holstein ilitoa tamko la Kiel kuhusu haki za Wadenmark wa huko mwaka 1949, kisha mwaka 1954 suala likapanda hadi ngazi ya mataifa. Ujerumani Magharibi iliomba kuingia NATO; Denmark ilikuwa mwanachama; na waziri wake wa mambo ya nje, H. C. Hansen, alitumia nafasi hiyo kukumbusha kwamba chama cha Wadenmark wa kusini kilikuwa kimefungiwa nje ya bunge la jimbo na sharti la kupata angalau asilimia tano ya kura. Tarehe 29 Machi 1955 serikali za Bonn na Copenhagen zilitoa matamko mawili yanayofanana. Hayakuwa mkataba, kila nchi ilijifunga yenyewe kwa watu wake. Kiini chake ni kwamba mtu yuko huru kujitambulisha na utaifa anaoutaka, na mamlaka haziruhusiwi kuukana wala kuuchunguza. Sharti la asilimia tano liliondolewa kwa chama cha Wadenmark. Shule za Kijerumani za Denmark zilipata haki ya mitihani inayotambulika. Leo Padborg ina shule ya Kijerumani, Harrislee ina shule ya Kidenmark, na hakuna mkaguzi anayemuuliza mtoto bibi yake alizungumza lugha gani.

Wapo watakaosema kwamba nafanya uchaguzi wa uongo: bila mstari wa 1920, mwaka 1946 kusingekuwa na kitu cha kukiacha kilivyo. Ni kweli, na sidai kwamba kura haikuwa na kazi. Lakini kama kura ndiyo dawa, ingeponya na wagonjwa wengine waliopewa miaka ile ile. Upper Silesia ilipiga kura mwaka 1921 kati ya maasi ya silaha, ikagawanywa, na mwaka 1939 mgawanyo wake ukafagiliwa na vita. Allenstein na Marienwerder, huko Prussia Mashariki na Magharibi, zilichagua Ujerumani mwaka 1920 kwa wingi mkubwa mno; robo karne baadaye Wajerumani wake walikimbia au walifukuzwa. Mfano unaonivutia zaidi ni Carinthia ya kusini, iliyochagua Austria mwezi Oktoba 1920. Huko mpaka umedumu hadi leo, kama wa Bov, lakini haki za Waslovenia waliobaki ndani hazikutekelezwa kwa dhati. Mwaka 1972 vibao vya barabarani vya lugha mbili viling'olewa na makundi ya watu, na suala la vibao halikupatiwa suluhu hadi mwaka 2011. Kura ile ile, muongo ule ule, mstari uliodumu vivyo hivyo, na utulivu tofauti. Tofauti iko katika yale yaliyofuata.

Hoja nyingine ni ngumu zaidi: kwamba amani ilitokana na kushindwa kwa Ujerumani mwaka 1945 na kisha na NATO, si na hekima ya yeyote. Hilo laeleza kwa nini Wajerumani walinyamaza. Halielezi kwa nini Wadenmark, ambao ndio walikuwa na nafasi ya kuchukua, hawakuchukua. Kuhusu NATO nakubali bila shida: matamko ya 1955 yalitokana na maslahi, na Chansela Adenauer wa Ujerumani Magharibi asingeharakisha hivyo bila haja ya kukubaliwa. Makubaliano yanayotokana na maslahi ya pande mbili hudumu maadamu maslahi yapo, na hayo yamedumu miaka zaidi ya 70. Ama wale wanaosema ni utajiri na Umoja wa Ulaya, tarehe zinawapinga. Denmark iliingia Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973, miaka 18 baada ya matamko.

Kwa kweli uchumi wa Bov haukupenda sana mpaka ufutike. Uliishi kwa tofauti za pande mbili. Tangu miaka ya 1950 meli ndogo zilibeba Wajerumani kutoka Flensburg hadi Kollund, kwenye pwani ya Bov, kwa ajili ya siagi isiyotozwa ushuru, na Wadenmark walizipanda kwa ajili ya pombe kali. Biashara hiyo ilikufa Umoja wa Ulaya ulipofuta maduka yasiyo na ushuru ndani ya mipaka yake mwezi Julai 1999. Denmark ilipohalalisha picha za ngono mwaka 1969, Kruså ikapata maduka ya aina yake na wateja kutoka kusini, jambo ambalo vitabu vya historia ya manispaa havilipi kurasa nyingi. Pigo kubwa lilikuwa tarehe 1 Januari 1993, soko la pamoja lilipoanza na kazi ya kugomboa mizigo ikatoweka. Watabiri waliipa Padborg miaka michache. Badala yake waliojua malori, ratiba na maghala walibaki kwenye malori, ratiba na maghala, na Padborg ikawa moja ya vituo vikubwa vya uchukuzi wa barabara katika Skandinavia. Hata utajiri huo una doa: mwaka 2018 ilifichuliwa kwamba madereva kutoka Ufilipino na Sri Lanka, walioajiriwa kupitia kampuni ya nchi nyingine, walikuwa wakiishi Padborg katika hali iliyowatia aibu wenyeji. Mpaka wa Denmark na Ujerumani ulikuwa umeacha kuwagawa Wadenmark na Wajerumani, na mpaka mwingine, wa mishahara, ulikuwa umeegeshwa penye uwanja wa malori.

Manispaa ya Bov, kama chombo cha utawala, iliundwa kwa mageuzi ya mwaka 1970 kwa kuunganisha Bov na Holbøl, ikiwa na watu wapatao 10,000, na ikafutwa tarehe 1 Januari 2007 ilipoingizwa Aabenraa pamoja na Tinglev, Rødekro na Lundtoft. Katika uhai wake mfupi iliona pia mipaka ya maridhiano yenyewe. Mwaka 1997 mamlaka za pande mbili zilipotaka kuanzisha ushirikiano wa kikanda, ambao ofisi yake iko Bov hadi leo, upande wa Denmark ulizuka upinzani mkali wa watu waliohisi Schleswig inarudishwa kwa mlango wa nyuma. Flensburg iliweka vibao vya lugha mbili mwaka 2008. Haderslev ilipojaribu mwaka 2015, kibao kiliharibiwa na kuondolewa. Wachache wa kusini na wa kaskazini hawavumiliwi kwa kipimo kimoja, na ni Wadenmark, wanaojivunia mfano huu mbele ya dunia, wanaosuasua zaidi. Wala mpaka wenyewe haujayeyuka. Ukaguzi ulioondolewa na mkataba wa Schengen mwezi Machi 2001 ulirejeshwa mwezi Januari 2016. Mwaka 2019 ulikamilika uzio wa karibu kilomita 70, wa kuzuia nguruwe mwitu wasilete homa ya nguruwe ya Afrika.

Kisha mwaka 2020 ukaja mtihani ambao hakuna aliyeupanga. Sherehe za miaka mia ya kura zilikuwa zimeandaliwa, na tarehe 14 Machi, miaka mia kamili tangu kanda ya pili ipige kura, Denmark ilifunga mpaka kwa sababu ya korona. Vivuko vidogo viliwekewa vizuizi na sherehe zikaahirishwa. Kilichopaswa kutazamwa wakati huo ni malalamiko. Yalikuwa mengi, kutoka pande zote mbili na kutoka kwa jamii zote mbili za wachache: wafanyakazi wanaovuka kila siku, wanafunzi wa shule za upande wa pili, wazazi waliotengana wenye mtoto mmoja, wenye maduka ya mpakani. Walidai mpaka ufunguliwe. Hawakudai usogezwe.